Jumamosi za Gari la Baba

Siku tuliyomzika baba, aliyewaliza watu hakuwa mtoto wake. Mimi binti yake nilisoma ukurasa niliouandika vizuri, wenye maneno kama uadilifu na kujituma, na watu wakanipigia makofi ya heshima, yale anayopigiwa mtu aliyesoma. Kisha mshereheshaji akamwita Silas, aliyewahi kuwa mpangaji wetu Nakuru. Silas alishika kipaza sauti bila karatasi, akaeleza jinsi mzee alivyomfundisha kulipaka gari nta, na jinsi alivyomfokea siku ya kwanza kwa kusugua boneti kwa kuzungusha mkono: "Wewe kijana! Hilo ni gari, si sufuria ya ugali!" Aliiga sauti ya baba vizuri mno, mpaka shangazi yangu mmoja akageuka kulitazama jeneza. Hema zima lilicheka huku likilia. Mama alicheka mpaka akajifunika uso kwa leso. Mimi nilikuwa kiti cha mbele, nimebandikwa utepe mweupe kifuani, na nilichokihisi hakikuwa huzuni. Nilikijua. Ulikuwa wivu, wivu wa miaka mingi, na haukuwa umezeeka hata kidogo.

Ulianza mwaka niliomaliza chuo kikuu nikarudi nyumbani Nakuru, mtaa wa Rhonda, na shahada ya falsafa ambayo mtaani hakuna aliyejua niifanyie nini. Jirani mmoja aliniuliza kama falsafa ni ile ya kutibu ama ya kuombea. Nikamwambia ni ya kuuliza. "Kuuliza nini?" akasema, na nikaona huyu ameshawapita wengi niliosoma nao. Mchana nilijifungia chumbani nikiwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao kwenye kompyuta, kazi ambayo vijana wengi wa rika langu waliifanya bila kuitaja mbele ya wazazi. Jioni nilibishana na mtu yeyote aliyepatikana: na mchungaji kuhusu sadaka, na mama kuhusu mchungaji, na redio. Sikuwa na raha. Nilikuwa nimefundishwa kwamba hakuna jambo la kukubaliwa hivi hivi, kisha nikarudishwa katika nyumba ambamo mambo yote yalikuwa yamekubaliwa kabla sijazaliwa, kuanzia mahali pa kuweka viatu hadi Jumamosi ya gari.

Gari lenyewe lilikuwa Pijo 504, la bluu iliyokolea kiasi kwamba likiwa kivulini ungeapa ni jeusi, na mtaani waliliita hivyo, "ile nyeusi ya mzee". Baba alilinunua kuukuu kutoka kwa bosi wake wa kiwandani alipostaafu. Liliendeshwa mara moja kwa wiki, Jumapili, kwenda kanisani na kurudi. Jumamosi yote ilikuwa ya kuliandaa. Sasa ninapoendesha gari langu la kijivu, ambalo huoshwa na yeyote mwenye pampu kando ya barabara, ndipo ninapoelewa alikuwa amejitwika nini. Rangi nyeusi haisamehe. Kiangazi, upepo wa Nakuru hubeba vumbi jeupe kutoka kingo za ziwa, na gari jeusi asubuhi huonekana kama limepulizwa unga. Ukilifuta kavu, limekwaruzika. Ukitumia sabuni ya nguo, limefubaa. Ukiacha maji yajikaukie juani, limepata madoa. Baba alilisogeza kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba kabla jua halijavuka paa, akaliosha kuanzia juu kushuka chini, akalikausha, akalipapasa, ndipo akafungua kile kikopo bapa cha nta.

Katika mwaka ule wote nilitaka jambo moja: baba aniite uani. Nilikuwa mtoto wake wa mwisho kubaki nyumbani, na nilipokuwa mdogo niliwahi kuketi kwenye ngazi ya jikoni nikimtazama, nikingoja siku ambayo ningekuwa mkubwa wa kutosha kupewa kitambaa. Siku hiyo ilinipita nikiwa bwenini, halafu chuoni. Kwa hiyo Jumamosi ya kwanza baada ya kurudi nilitoka na kikombe changu cha chai, nikasimama karibu na bampa, nikaanza mazungumzo kwa njia pekee niliyoijua. Maji ya baba ya kuoshea yalitoka kwenye pipa dogo chini ya mfereji wa paa, pipa ambalo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuligusa. Yalikuwa maji ya mvua. Sisi wengine tulitumia ya kisima, yale ya Nakuru, ambayo yametutia meno rangi ya kahawia tangu utotoni, hata mtu wa kwetu akicheka ugenini hujulikana anakotoka kabla hajasema.

"Baba, kwa nini gari linaoshwa na maji ya mvua?"

"Ya kisima yako na madini. Yakikauka yanaacha madoa kwa rangi nyeusi. Na hayatoki."

"Na kwa meno?"

Mkono wake ulisimama juu ya paa la gari. Povu likamteremkia hadi kwenye kiwiko. "Mlipokuwa wadogo hatukujua, Kageha," alisema. Kisha, bila kunitazama: "Hebu nenda umsaidie mama yako."

Lilikuwa swali la haki, na hadi leo naliona hivyo. Ila lilifunga mlango. Jumamosi zilizofuata alinisalimu, akaniuliza kama nimepata kazi, akaendelea na gari lake, na mimi nikarudi jikoni, kwenye dirisha lililotazama uani, ambapo nilimenya viazi vya mwaka mzima.

Silas alikuja mvua zilipoanza. Alikuwa mwalimu kijana katika shule ya msingi ya kibinafsi, mzaliwa wa upande wa Kakamega, na alikodi kile chumba chetu cha nyuma. Alikuwa wa umri wangu. Alikuwa na meno meupe kabisa, na alicheka kwa urahisi kama mtu ambaye hajawahi kufikiria mdomo wake. Alimwita mama "mathe" kama vijana wa mtaani, na mama, ambaye angenifukuza ningemwita hivyo, akamwita "mwanangu". Mimi aliniambia "Sasa, Kageha" kila asubuhi, nami nikamjibu "Poa" kana kwamba neno lile lilikuwa limeazimwa kwangu. Haukupita muda mrefu nikatazama dirishani Jumamosi moja na kumwona uani, suruali imekunjwa, ameshika kitambaa.

Hakuwa anajua lolote. Hilo ndilo lililoniuma. Angekuwa fundi ningeelewa. Alipeleka kitambaa huku na huku kama anayefuta ubao darasani, na ndipo baba alipomfokea yale ya sufuria ya ugali, kisha, nikisikiliza na kisu mkononi, baba akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko kile tangu nirudi. Kilianza chini kama gari linalokataa kuwaka, kikashika. "Shika hivi," alimwambia. "Mstari ulionyooka. Mbele, nyuma. Ukizungusha mkono unaacha utando wa buibui, na jua likitoka kila mtu anaona ujinga wako." Silas akauliza kama wanaweza kutumia zile fulana za kampeni zilizokuwa zimeanikwa. "Hizo za wanasiasa?" baba akasema. "Hizo zinakwaruza. Leta fulana ya pamba ya mtu mwaminifu." Wakacheka tena, wote wawili. Mama, aliyekuwa akichambua kunde mezani, akatabasamu peke yake. Nikamwuliza anacheka nini. "Sicheki," akasema. "Nasikia tu nyumba iko na watu."

Siku hiyo tulikula kuku. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba. Mwanamke hali, na mgeni hupewa tu akiwa mkwe au mtu mzito. Baba aliitoa kwenye mchuzi, akaigawa kwa kisu juu ya ukingo wa sahani, akamsukumia Silas nusu. Nilikuwa nimeisoma mila hii chuoni, nikaiandikia insha nzuri kuhusu mamlaka na chakula, na mwalimu wangu akaisifu. Nilipoiona ikipita mbele ya pua yangu kuelekea kwa mpangaji, insha haikunisaidia.

"Kwa nini mwanamke hali firigisi?" niliuliza.

"Kwa sababu ni ndogo," baba alisema, na Silas karibu apaliwe na ugali.

"Nachukia swali kujibiwa kwa mzaha."

"Si mzaha. Angalia. Hata sisi haijatutosha."

Silas alinitazama na ile nusu yake kwenye vidole, akawa kama anataka kunipa, kisha akamtazama mwenye nyumba, akaila. Nilimchukia kwa kuila. Angenipa ningemchukia zaidi.

Kuanzia hapo nilikuwa mpelelezi. Nilijua hatua zote kwa masikio: maji, kimya cha kukausha, kisha mchakacho mdogo wa mfuko wa plastiki. Baba alivaa mfuko mwembamba mkononi kama glavu, akaupitisha juu ya bati, kwa kuwa plastiki huikuza kila chembe ya mchanga ambayo kiganja kitupu hakiisikii. Mifuko hiyo ilikuwa imepigwa marufuku nchini, na huo ulikuwa mmoja wa mwisho, ameuficha chini ya kiti cha dereva. "Siku moja nitashikwa," alimwambia Silas. "Wengine wanafungwa kwa sababu ya bangi. Mimi nitaambia mahakama, ni mfuko wa kupapasia gari." Alipapasa polepole, kichwa kimeinama upande, macho yamefumbwa nusu. Niliona ufundi katika mkono ule, na niliona kwamba hajawahi kunionyesha.

Lililonishangaza zaidi ni maneno ya baada ya nta. Nta hupakwa nyembamba, ikaachwa mpaka igeuke ukungu mweupe, kisha ikafutwa. Hapo nilitarajia kumsikia baba akimwelekeza Silas. Badala yake nilimsikia Silas, kwa sauti ya chini: "Kushoto kidogo, mzee. Hapo. Bado. Shuka chini. Sasa imetoka." Na baba, mtu ambaye hakuwahi kuelekezwa hata na daktari, alikwenda kushoto, akashuka chini. "Na hapa?" aliuliza. "Hapo safi, mzee. Inaangaza." Nilisimama dirishani viazi vikibadilika rangi ndani ya sufuria. Mimi nilipouliza kwa nini, niliambiwa niende jikoni. Huyu alisema kushoto, na baba akaenda kushoto.

Jumapili niliketi kiti cha nyuma nikatafuta makosa. Silas hakuja nasi, alikuwa na kanisa lake, na angalau kwa safari ile fupi nilikuwa na baba peke yangu, au ningekuwa naye kama mama angenyamaza. Mwaka ule mama alikuwa amegeuka msemaji wa barabarani. "Baba Kageha, kuna pikipiki. Baba Kageha, huyo mama na mtoto wanavuka. Kuna tuta hapo mbele." Baba aliendesha kwa mwendo wa maandamano, mikono yote miwili kwenye usukani, bila kujibu. Siku moja aliliparuza gari kwenye nguzo ya lango letu, sauti ndogo kama ya kijiko kwenye sufuria, akashuka, akapapasa bampa kwa kidole. "Jua limenipiga," alisema. Ilikuwa asubuhi yenye mawingu. Nikasema, "Jua gani?" Mama akageuka akanikazia macho hivi kwamba nikafunga mdomo, nikadhani analinda heshima ya mumewe, jambo ambalo wakati ule nilikuwa na hoja nyingi dhidi yake.

Mwishowe nilitoka uani. Ilikuwa Jumamosi ya baridi, mwezi wa saba, na ukungu wa Mlima Menengai ulikuwa haujainuka. Nilisema, "Nipeni kitambaa. Nami nataka kujaribu." Silas alininyooshea chake papo hapo. Nikakishika, na kabla sijakigusisha kwenye gari nikaona kwamba ni cha bluu. Nilijua kilikuwa fulana nyeupe.

"Baba, mbona kitambaa ni bluu?"

"Ni rangi ya gari."

"Inatoka?"

"Hii rangi ni ya zamani. Haina vanishi ya kuifunika juu. Ukiing'arisha inatoka kidogo."

"Kwa hiyo kila Jumamosi mnalimaliza? Mnalisugua liwe zuri mpaka liishe?" Nilikuwa nimezunguka mbele, na kwenye ukingo wa boneti, karibu na taa, niliona bluu imepauka na kijivu kinachungulia chini yake. "Si afadhali mliache?"

Silas aliangalia viatu vyake. Baba alichukua kitambaa mkononi mwangu, bila hasira, kama unavyomwondolea mtoto kisu. "Kageha," alisema, "kila mtu na kazi yake. Wewe uliza. Silas ashike."

Nilirudi ndani na sentensi hiyo nikaila pamoja na chakula cha mchana, cha jioni, na cha siku zilizofuata. Leo, nikiwa na watoto wa watu wengine darasani wanaoniuliza maswali yanayonikera, naweza kuona alichokuwa akikikimbia. Wakati ule niliona tu kwamba nafasi ya mtoto katika nyumba yetu ilikuwa wazi, na sasa ilikuwa imejazwa. Nilianza kutafuta kazi mbali, popote, Naivasha, Eldoret, na nilipokataliwa nilifurahi, halafu nikachukia kufurahi kwangu.

Shule zilipofungwa mwezi wa nane, Silas alisafiri kwao. Jumamosi ilipofika niliketi chumbani nikitega sikio. Nilisikia maji, nikasikia kimya, nikasikia mchakacho wa mfuko. Halafu nikamsikia baba akipiga mluzi, wimbo wa kanisani, na nikasema sasa ndiyo saa yangu. Sitauliza kitu. Nitasimama tu hapo awe na mtu. Nilitoka, nikamkuta amekunja kitambaa, amekiweka begani, amesimama hatua chache nyuma ya gari kama mpiga picha.

"Unaona?" alisema. "Hata bila Silas. Njoo ujitazame mlangoni."

Hilo lilikuwa jambo lake la zamani. Tulipokuwa watoto alitupanga mbele ya mlango wa gari, tukajiona warefu na wembamba, tukacheka. Nilisogea kujitazama. Mlango ulikuwa mweupe. Ule wa nyuma ulikuwa mweupe pia. Nta yote ilikuwa pale pale, imekauka, ukungu mnene kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma, isipokuwa mistari miwili mitatu ambapo mkono ulikuwa umepita na kudhani umemaliza. Gari zima lilikuwa kama dirisha la jikoni siku ya kuchemsha maharagwe, na baba alikuwa akilitabasamia.

Sikucheka kama zamani. Tabasamu lake likaanza kufifia.

"Nini?" alisema.

"Baba, nta bado iko."

"Wapi?"

"Kila mahali."

Alitembea hadi kwenye mlango, akaweka kiganja chake, akakivuta chini, akasugua vidole. Kisha akaketi kwenye ngazi ya jikoni, ile niliyokuwa nikiketi mimi. Nilisimama mbele yake nikayatazama macho yake, jambo ambalo nadhani sikuwa nimelifanya sawasawa tangu nirudi, kwa kuwa tulikuwa tunabishana na mtu anayebishana hutazama mdomo. Katikati ya kila jicho kulikuwa na weupe, kama maziwa kidogo ndani ya maji.

"Tangu lini?"

"Jicho moja lilianza kitambo. Hili lingine lilikuja na mvua."

"Silas anajua?"

"Silas ndiye ananiambia mahali nta iko."

Kila kitu nilichokuwa nimekisikia dirishani kikapinduka. Kushoto kidogo. Shuka chini. Hapo safi, mzee. Na mama kwenye kiti cha mbele, pikipiki, tuta, mama na mtoto. Mtu mwenye huruma angemkumbatia. Mimi nilihisi nimepigwa. Baba yangu alikuwa na siri kubwa kuliko zote alizowahi kuwa nazo, na alikuwa amempa mpangaji.

"Unatuendesha kila Jumapili na huoni! Kwa nini hukuniambia?"

"Si ndio hiyo," alisema, akanyoosha mkono kuelekea sauti yangu. "Ningekwambia, ungeuliza. Kwa nini hujaenda hospitali. Kwa nini bado unaendesha. Unaogopa nini. Silas nilimwambia, akasema, sawa mzee, tuanze na paa."

Niliingia jikoni nikamkuta mama amesimama dirishani, mahali pangu. Alikuwa amesikia yote. "Alikuwa anakuogopa," alisema.

"Mimi? Kwa nini?"

"Unaona sasa?" mama akasema. "Hata hujaketi."

Nilishinda vita vilivyobaki, kama wanavyoshinda watu wenye hoja. Gari liliegeshwa. Baba alikubali upasuaji, kwa kuwa daktari alisema ni mtoto wa jicho tu, kitu cha kutolewa, jicho moja kwanza halafu lingine. Lakini aliweka sharti lake: Silas ndiye angeingia naye. Alilisema mezani, mbele yangu, akitafuta chumvi kwa vidole. Silas, aliyekuwa amerudi, alisema, "Mzee, si afadhali Kageha? Ni mtoto wako." Baba akasema, "Kageha ataanza kumwuliza daktari alisomea wapi." Kila mtu alicheka, na ni kweli ningemwuliza. Asubuhi ya upasuaji waliondoka na mama kwa tuktuk, Silas amemshika baba kiwiko, na mimi nikabaki kufunga nyumba niwafuate mchana na chakula.

Nilipika haraka. Kisha nikatoka uani, nikaliondolea gari turubai. Lilikuwa limekaa wiki kadhaa bila kuguswa na lilikuwa la rangi ya vumbi. Sijui kama nilitaka kumfurahisha au nilitaka kumwibia Silas Jumamosi moja, hata kama siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Nilianza na paa. Nilipapasa kwa mfuko, na nilipofumba macho ndipo nilipousikia mchanga, mdogo kama kishindo cha sisimizi. Nilipaka nta, nikangoja, nikafuta kwa mstari ulionyooka, na mkono uliniuma mpaka kwenye bega. Hakuna aliyeniambia kushoto wala kulia. Niliona mwenyewe palipobaki, na kuona huko kulinipa uchungu, kwani ni kitu kidogo sana, mtu yeyote mwenye macho angeweza kumfanyia.

Wodini alikuwa amelala chali, jicho moja limefunikwa kwa bandeji, na lile lingine bado halijatibiwa. Mama alikuwa ameenda kuongea na wauguzi. Kando ya kitanda kulikuwa na kiti kimoja, na juu yake koti la Silas. Nililiweka koti kitandani, nikakaa.

"Silas?"

"Ni mimi, baba."

"Silas ameenda wapi?"

"Sijui. Nimefika sasa hivi."

Aligeuza kichwa upande wangu. Kisha pua yake ikacheza. "Unanuka nta."

"Nimelipaka gari."

"Nani alikwambia?"

"Hakuna."

Niliona kidevu chake kikiinuka, nikajiandaa kufokewa. "Ulianza wapi?" aliuliza.

"Kwenye paa."

"Ulingoja ikauke?"

"Nilingoja."

"Ulizungusha mkono?"

"Nilinyoosha."

"Boneti iko aje? Pale karibu na taa."

Ningeweza kusema inaangaza. "Pale rangi imeisha," nilisema. "Kijivu kinaonekana."

"Ukubwa gani?"

"Kama kiganja."

"Silas aliniambia kama shilingi."

Wakati huo Silas aliingia na kikombe cha chai ya maziwa, akasimama miguuni mwa kitanda. Baba alizijua hatua zake. "Silas," alisema, "Kageha anasema boneti imeisha kama kiganja."

Silas alinitazama. Nilitaka aseme uongo, ili nimshinde kabisa. "Ni kiganja, mzee," alisema.

"Na ile shilingi?"

"Ulikuwa umefurahi siku hiyo. Nikaona niiache."

Mdomo wa baba ulisogea kana kwamba anaonja kitu. Mkono wake ulitambaa juu ya blanketi mpaka ukanipata kifundo cha mkono, ukakishika hapo, kwa nguvu, kama anavyoshika gea.

"Mlango wa kushoto," aliniambia. "Endelea. Niambie wote, usipunguze."

Nikaanza na mlango wa kushoto. Nilimweleza kila mkwaruzo, na kila aliponiuliza nilijibu, na Silas alisimama pale pale na chai ikipoa mkononi, akisikiliza kama mtu aliye upande wa pili wa dirisha. Kiti kilikuwa kimoja tu, na koti lake lilikuwa karibu na goti langu. Sikuinuka.